Madai Manane Kuhusu Kuotesha Bila Udongo

Bustani za makopo, ndoo na viroba zimeenea mijini, na maneno juu yake yameenea zaidi. Muuza miche wa kando ya barabara ana lake, mtunza bustani ana lake, jirani aliyevuna nyanya barazani ana lake, na simu haichoki kuleta mengine. Mengi yanazunguka swali moja: ukiacha udongo, ujaze nini kwenye chombo? Kokopiti ya makumbi ya nazi, jiwe la pamisi, pumba za mpunga, vumbi la mbao, piti ya vinamasi vya Ulaya: kila kimoja kina wapambe wake na wapinzani wake.

Yafuatayo ni madai manane yanayosikika sana. Baadhi yana ukweli ndani yake, na panapostahili ukweli huo utakubaliwa. Ila karibu yote yana kasoro moja: yanauliza kitu kinaitwaje au kimetoka wapi, hayaulizi kinafanya nini kikishaingia kwenye chombo. Mzizi haujui majina. Unataka mahali pa kushika, unataka maji, unataka hewa, na unataka chakula kisichooshwa chote kila unapomwagilia. Kati ya hayo manne, hewa ndiyo inayosahauliwa, kwa kuwa haionekani wala haiuzwi dukani. Mzizi hupumua. Ukikaa siku kadhaa kwenye maji yaliyotuama huanza kufa, na majani hunyauka ilhali chini kumelowa chapachapa. Mwenye bustani akiona mnyauko huongeza maji, na hapo ndipo anapoumalizia mmea wake.

Dai la 1: "Udongo mzuri wa shambani unatosha, hayo mengine ni mbwembwe"

Shambani, kweli, udongo hauna mpinzani. Matata huanza unapouchota na kuutia kwenye ndoo. Ukiwa ardhini, udongo wa juu umeungana na udongo wa chini kwa kina kirefu, na maji yakizidi juu huvutwa kwenda chini. Kuna minyoo, mchwa na mizizi ya zamani iliyokwisha kuoza, na wote hao wameacha njia za hewa. Ndani ya ndoo njia hizo hazipo, na chini kuna sakafu ya plastiki inayokata safari ya maji. Ongeza hapo jagi la maji linalomwagwa kila jioni, na baada ya wiki chache udongo umeshindiliwa kama uliopigwa mtwangio.

Udongo wa mfinyanzi una vituko vyake vingine. Ukikauka hujivuta na kuachana na ukuta wa ndoo. Unamwagilia, maji yanapita kwenye ule ufa wa pembeni na kutokea tundu la chini, nawe unaondoka umeridhika kwamba mmea umekunywa. Ingiza kidole katikati, utakuta pakavu.

Wataalamu wa bustani walifika hapa zamani. Katika miaka ya 1930, William Lawrence na John Newell wa taasisi ya John Innes huko Uingereza walichoshwa na miche iliyokuwa ikifa, na pia na kila mtunza bustani kuwa na mchanganyiko wake wa siri. Wakatengeneza mchanganyiko wa kawaida wa udongo uliochomwa kwa mvuke, piti na mchanga. Bado walitumia udongo. Mwaka 1957 Kenneth Baker wa Chuo Kikuu cha California alihariri kitabu cha mwongozo kilichoonyesha kwamba mchanga laini na piti vinaweza kufanya kazi bila udongo kabisa. Baadaye James Boodley na Raymond Sheldrake wa Chuo Kikuu cha Cornell wakaja na mchanganyiko wa piti na madini mepesi yaitwayo vamikulaiti. Hawakuuacha udongo kwa kuuchukia. Waliuacha kwa sababu udongo mzuri unaofanana lori hadi lori ulikuwa adimu. Nasi tunalijua hilo: udongo mwekundu ulioletwa leo si ule utakaoletwa mwezi ujao, na hakuna anayekuambia umechotwa wapi.

Wenye bustani za ghorofani wana sababu ya ziada, nayo ni uzito. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa hupita kilo 30. Ndoo hiyohiyo ikiwa na kokopiti iliyoshiba maji huwa chini ya kilo 20. Panga ndoo kumi kwenye roshani, tofauti inazidi kilo mia.

Dai la 2: "Weka kokoto chini ya chombo ili maji yatoke vizuri"

Hili ndilo dai sugu kuliko yote. Linarithishwa kutoka kwa mama hadi kwa binti, na linaonekana kuwa na akili kabisa: kokoto zina nafasi kubwa, maji yatapita haraka. Lakini maji hayatoki kwenye vitundu vidogo kwenda kwenye vitundu vikubwa kwa hiari yake. Mchanganyiko laini ulio juu unayashikilia mpaka ushibe pomoni, ndipo yaanze kudondoka kwenye kokoto.

Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili. Ichovye mpaka ishibe, kisha ilaze kwenye kiganja mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima bila kuiminya: itadondosha tena. Sifongo ni ileile na maji ni yaleyale, ila kimo kimebadilika. Sehemu ya chini hubaki imejaa maji siku zote, na unene wa tabaka hilo hutegemea ukubwa wa chembe na vitundu vyake. Sifongo ikiwa imelala, tabaka hilo hula karibu unene wake wote. Ikisimama, linabaki kipande kidogo cha chini, na juu yake kunapatikana hewa.

Ndivyo ilivyo ndani ya chombo. Kila mchanganyiko una tabaka lake la maji lililoketi chini, na unene wake haubadiliki kwa kuweka kokoto. Unachofanya ukiweka sentimita 5 za kokoto ni kulinyanyua tabaka lile sentimita 5 juu, karibu zaidi na mizizi, na kupunguza kimo kilichobaki chenye hewa. Umepoteza nafasi na umeongeza kuoza.

Mambo mawili yanatoka hapa. La kwanza, ukitaka maji yatoke, changanya chembe kubwa na mchanganyiko wote, usizitandike chini peke yake. La pili, chombo kifupi hulowa kuliko chombo kirefu hata kikijazwa kitu kilekile. Trei ya miche yenye vishimo vya kina cha vidole vitatu inahitaji mchanganyiko wenye hewa nyingi, na mwagiliaji mwenye mkono mwepesi. Ndoo ndefu inaweza kuvumilia mchanganyiko mzito kidogo. Ukiogopa mchanganyiko usitoke kwenye tundu la chini, kipande cha wavu wa mbu kinatosha.

Dai la 3: "Kokopiti ni makumbi ya nazi tu, loweka, panda"

Anayetaka kujua kwa nini dai hili ni la hatari aende kusini mashariki mwa Unguja, vijiji kama Paje na Jambiani, maji yakiwa yametoka. Wanawake hufukia makumbi kwenye tope la pwani, wakayawekea mawe juu, na kuyaacha huko miezi mingi huku bahari ikiyafunika na kuyafunua kila siku. Yakishaoza vya kutosha hufukuliwa, yakapondwa kwa vipande vya mti mpaka nyuzi zijitenge, na nyuzi hizo husokotwa kamba. Ule unga wa kahawia unaopukutika wakati wa kuponda ndio mama wa kokopiti. Umelala baharini miezi yote hiyo; ni ajabu gani ukiwa na chumvi?

Viwanda vya India na Sri Lanka, ambako ndiko kunakotoka kokopiti nyingi inayouzwa duniani, navyo vina desturi ndefu ya kuozesha makumbi kwenye maji ya wangwa na mito iliyochanganyika na bahari. Hata makumbi ambayo hayajaona bahari huwa na potasiamu nyingi na sodiamu kiasi. Ndiyo maana matofali mawili ya kokopiti yanayofanana kwa sura yanaweza kutofautiana kabisa kwa tabia: moja limeoshwa kiwandani, jingine halijaoshwa.

Dalili zake huonekana mapema. Mbegu za mchicha zinaota hapa moja pale moja. Miche inatoa majani yenye kingo zilizoungua. Nyanya zinaonekana na afya mpaka zinapoanza kuzaa, halafu tunda linakuwa na baka jeusi lililodidimia chini, ule ugonjwa wakulima wanaouita kuoza kitako. Si ugonjwa wa kuambukiza; ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda. Kumwagilia kwa kusuasua huusababisha pia, lakini kokopiti ambayo haikuandaliwa huuchochea.

Kuiosha kwa maji matupu huondoa chumvi iliyo huru. Lakini sehemu ya sodiamu na potasiamu imeng'ang'ania kwenye chembe zenyewe, na maji matupu hayaiondoi. Huondolewa kwa kubadilishana: unailoweka kokopiti kwenye maji yaliyoyeyushwa kalsiamu naitreti, unaiacha mpaka kesho yake, kalsiamu inashika nafasi na sodiamu inaachia, kisha unaisuuza. Ukipanda bila kufanya hivyo, kubadilishana huko kutatokea vilevile, ila kalsiamu itakayotumika ni ile uliyomwekea mmea.

Mwenye mita ya EC, ile inayopima chumvi kwenye maji, apime maji yanayotoka chini baada ya kuosha. Kipimo kikishuka chini ya 1 (mS/cm), miche itakuwa salama. Asiye na mita atumie mbegu kuwa kipimo. Apande mchicha au saladi kwenye kikopo cha kokopiti na kingine cha mchanga safi, avimwagilie sawasawa. Vyote vikiota sawa, aendelee. Kokopiti ikibaki nyuma, arudi kwenye karai la kuoshea.

Dai la 4: "Kokopiti ina rutuba yake, haihitaji mbolea"

Haina, ukiondoa ile potasiamu tuliyoitaja. Tofali la kilo 5 likilowekwa hufumuka na kutoa lita 60 na ushei za kitu chepesi, cheusi kahawia, chenye harufu ya ardhi baada ya mvua, na macho hudhani ni mboji. Mboji ni mabaki yaliyooza na kuachia chakula. Kokopiti ni nyuzi na unga vinavyooza polepole mno, na upole huohuo ndio sifa yake: haibomoki haraka, kwa hiyo hewa inadumu.

Pamisi na perlaiti ndizo kavu kabisa. Hizo ni kioo cha volkano kilichojaa vitundu; chakula hakimo hata chembe.

Kwa hiyo aliyeacha udongo amejitwika kazi ambayo udongo ulikuwa ukiifanya kimya kimya. Lazima alishe, na alishe kidogo kidogo mara kwa mara, kwa mbolea yenye virutubisho vyote pamoja na vile vidogo kama chuma, zinki na boroni. Urea na DAP tulizozizoea shambani hazitoshi peke yake, kwani hazina kalsiamu, hazina magnesiamu, na hazina virutubisho vidogo. Asiyetaka mbolea za dukani achanganye mboji iliyoiva vizuri, robo ya mchanganyiko au pungufu. Akizidisha, vile vitundu vya hewa tulivyovitafuta kwa jasho vitazibwa na chembe laini za mboji.

Dai la 5: "Vumbi la mbao na pumba za mpunga ni vya bure na vinafanya kazi ileile"

Vya bure ni kweli. Anayepita kwenye mashine za kukoboa mpunga za Mwea, Mbarali au Kilombero huona vilima vya pumba visivyo na mwenyewe. Kufanya kazi ileile ndiko kwenye mjadala.

Vumbi bichi la mbao lina kaboni mamia kwa kila sehemu moja ya nitrojeni. Bakteria wanaolishambulia wanahitaji nitrojeni ili wajenge miili yao, na wakiikosa ndani ya mbao huichukua kwenye mbolea uliyouwekea mmea. Majani ya chini yanageuka njano, mmea unadumaa, nawe unalaumu mbegu. Tena vumbi laini hushikana na kuwa uji. Na usichote kwenye karakana inayopasua nguzo au mbao zilizotiwa dawa. Dawa nyingine za mbao zina shaba, kromiamu na aseniki, na hivyo si vya kuwekea mboga. Vumbi la mbao lifae, lilundikwe pamoja na samadi, liwe na unyevu, ligeuzwe, na lingoje miezi mpaka lipoe na kuwa jeusi.

Pumba za mpunga zina tabia tofauti. Zimejaa silika, kwa hiyo haziozi upesi na hazili nitrojeni kwa pupa. Zinaleta hewa nyingi sana. Ubaya wake ni kwamba zikiwa mbichi hazishiki maji, na ndani yake kuna punje zilizosalia ambazo zitaota, au zitawaita ndege na panya. Dawa yake ni kuzichoma mpaka ziwe mkaa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: pumba zikigeuka nyeusi, zimwagiwe maji na kutandazwa papo hapo. Ukichelewa zinakuwa kijivu, na hicho kijivu ni majivu yanayopandisha pH na kuziba vitundu. Hata zilizochomwa vizuri huelekea upande wa magadi, kwa hiyo zisuuzwe, na zisizidi theluthi moja ya mchanganyiko.

Kwa ufupi, vitu hivi ni vya bure kwa fedha lakini vinalipwa kwa muda. Mwenye muda atapata mchanganyiko mzuri kwa gharama ya usafiri tu.

Dai la 6: "Bila udongo hakuna magonjwa"

Nusu ya dai hili ni kweli, na nusu hiyo imewafanya wakulima wakubwa wabadilike. Mashamba ya waridi ya Naivasha yalikuwa yakifukiza udongo kwa methili bromaidi ili kuua minyoo fundo na vimelea vya mizizi. Itifaki ya Montreal ikaiweka gesi hiyo kwenye orodha ya zinazoharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi 2015 kuachana nayo katika kilimo. Moja ya njia mbadala ilikuwa kuuacha udongo wenyewe na kupanda kwenye pamisi, jiwe jepesi linalopatikana kwa wingi katika Bonde la Ufa, au kwenye kokopiti.

Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashamba hayo hupima maji, hutibu maji, huchagua miche na hudhibiti anayeingia. Mwenye ndoo sita barazani anachukua pamisi, anaacha hayo mengine, halafu anashangaa.

Ugonjwa unaoongoza kwenye kilimo cha bila udongo ni ule wa Pythium, kimelea anayeozesha mizizi na kuangusha miche kwa kinyausi. Mbegu zake huogelea. Zinahitaji maji tu, na kwenye mchanganyiko uliolowa kupita kiasi zinasafiri kutoka mche hadi mche. Mchanganyiko mpya hauna viumbe wa kushindana naye, kwa hiyo akishaingia hutanda haraka kuliko ambavyo angetanda kwenye udongo uliojaa viumbe. Anaingia kwa maji ya kisima kilicho wazi, kwa mikono, kwa jembe dogo lililotoka shambani, na mara nyingi kwa miche ya bei rahisi iliyooteshwa kwenye udongo wa kawaida. Pia kuna visubi weusi wanaotaga kwenye uso wa mchanganyiko usiokauka kamwe. Funza wao hutafuna vinywele vya mizizi.

Kinga ya kwanza ni ileile hewa. Acha uso ukauke kati ya kumwagilia na kumwagilia. Ya pili ni usafi wa maji na vyombo. Anayechoma udongo au mchanganyiko wa zamani kwenye pipa ili kuua vimelea na ajue kiasi: nyuzijoto 60 hadi 70 kwa nusu saa zinaua vimelea vingi. Kuuivisha mpaka utoe moshi huua hata viumbe wema na huweza kufungulia manganizi na amonia kwa kiwango kinachodhuru mizizi.

Dai la 7: "Kinachotoka nje kwenye mfuko wenye jina ndicho bora"

Piti inayoletwa kutoka Ulaya ya kaskazini ni nzuri, na kuinyima sifa zake ni uongo. Inafanana mfuko hadi mfuko, ina chumvi kidogo, ina vitundu vya kutosha. Kwa mwenye kitalu anayeotesha miche maelfu kwenye trei, kufanana huko ni fedha.

Kwa mwenye bustani wa Mombasa au Tanga hesabu ni nyingine. Piti ghafi ni chachu, pH yake ikiwa karibu na 4, ndiyo maana huongezwa chokaa. Na ikikauka kabisa, jambo ambalo jua letu hulifanya kwa siku moja ya kusahau, hukataa maji: unamwagilia, maji yanakaa juu kama shanga, kisha yanapita pembeni. Kokopiti ikikauka hunywa tena bila ubishi. Kwa mtu anayesafiri, au anayemwagilia akikumbuka, sifa hiyo peke yake inatosha kuamua.

Kuna pia suala la chanzo. Piti ni mabaki ya mimea yaliyolimbikizwa kwenye vinamasi kwa kasi ya takriban milimita moja kwa mwaka. Chota nusu mita, umechota karne tano. Vinamasi hivyo vimefunika takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini vimehifadhi kaboni nyingi sana. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba bonde la kati la Kongo, linaloangukia nchi zote mbili za Kongo, lina kinamasi cha piti cha zaidi ya kilomita za mraba 145,000 chenye takriban tani bilioni 30 za kaboni. Hakuna anayeijaza piti ya Kongo kwenye vyungu, na isifikiriwe. Lakini inaonyesha kinachofukuliwa kwingineko ili kijaze mifuko hiyo.

Haimaanishi kwamba kokopiti ni malaika. Kuiosha kunakula maji mengi, na ile ya kutoka Asia imesafiri bahari nzima kufika nchi zenye minazi. Kilifi, Kwale, Tanga, Mafia na Pemba kote kuna makumbi, na mengi yake huishia jikoni kuwashia moto. Pamisi nayo ipo Naivasha, na ipo Rungwe huko Mbeya, kazi ya volkano za kusini. Vamikulaiti ipo Uganda. Kabla ya kulipia meli, mtu aangalie kilichopo mkoa wa jirani.

Dai la 8: "Ukishavuna, tupa mchanganyiko, nunua mwingine"

Hili huwafaa wauzaji. Pamisi haiozi, hudumu miaka. Kokopiti nzuri hutumika misimu miwili, mitatu au zaidi. Ng'oa mizizi ya zamani, chekecha, suuza chumvi za mbolea zilizobaki, kisha itandaze ikiwa na unyevu chini ya plastiki angavu iliyobanwa pembeni, juani, kwa wiki kadhaa. Epuka kurudisha nyanya palipokufa nyanya. Panda mchicha au kitunguu. Siku itakapokuwa imesagika mpaka haipitishi hewa, ipeleke shambani. Huko itaufaa udongo, na hakuna kilichopotea.

Basi uchague vipi?

Kwa kupima. Chukua chombo utakachopandia, ujue kinaingia lita ngapi, uzibe matundu yake. Jaza mchanganyiko ulio na unyevu kidogo bila kuushindilia. Mimina maji polepole mpaka uso ung'ae, subiri saa moja ushibe, ongeza panapopungua. Kisha zibua matundu juu ya beseni, acha yatoke mpaka yakome, uyapime. Maji yaliyotoka ndiyo nafasi iliyoachiwa hewa. Chombo cha lita 2 kilichotoa mililita 300 kina hewa asilimia 15, na mboga nyingi zitaishi humo kwa raha. Kikitoa chini ya mililita 200, ongeza pamisi au pumba zilizochomwa, urudie. Mimea inayochukia maji, kama mshubiri na waridi la jangwani, inataka zaidi ya asilimia 25, na kwayo pamisi iwe ndiyo sehemu kubwa. Kikitoa maji mengi mno na mmea wako ni sukuma wiki, ongeza kokopiti, la sivyo utakuwa mtumwa wa jagi, asubuhi na jioni.

Pa kuanzia kwa nyanya, hoho na bilinganya kwenye ndoo ya lita 15 hadi 20 ni nusu kokopiti iliyooshwa, robo pamisi au pumba zilizochomwa, na robo mboji. Kwa trei za miche, acha mboji, tumia kokopiti laini na pamisi ndogo ndogo, na lishe ianze majani ya kweli yakitokea. Hivyo ni viwango vya kuanzia tu. Kipimo cha beseni ndicho kitakachokuambia wapi pa kurekebisha, kwa sababu kokopiti yako si ya mwenzako, na ndoo yako si ndoo yake.

Ukienda kununua, uliza maswali matatu: hii imeoshwa? Ilioshwa kwa kitu gani, maji matupu au kalsiamu naitreti? Chembe zake zina ukubwa gani? Muuzaji akijibu, nunua. Akikujibu kwa kukusifia jina lililoandikwa kwenye mfuko, nunua kidogo kwanza, upande mbegu za mchicha, usubiri wiki moja kabla ya kurudi kwa mzigo mkubwa.